Vyuo Vidogo Bado Vinalea Nyota wa NFL, Ila Sifa Zinaandikwa kwa Jina la Wengine

Aprili 2025, mjini Green Bay katika jimbo la Wisconsin, timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, zilikaa siku tatu kugawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, shughuli inayoitwa drafti. Majina 257 yalisomwa. Shughuli haijaisha vizuri, hesabu ambayo siku hizi hurudi kila msimu wa drafti ikawa imeshaenea: vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, vilivyowahi kuipa NFL watu wa aina ya Walter Payton na Jerry Rice, safari hii vimeambulia mchezaji mmoja, Carson Vinson wa Alabama A&M, aliyechukuliwa na Baltimore Ravens katika raundi ya tano. Mwaka 2024 havikuambulia hata mmoja. Wakati huohuo makundi mawili ya vyuo vikubwa, SEC na Big Ten, yalijizolea nafasi 150 kati ya hizo 257. Watu wakajumlisha, wakatoa, wakafunga daftari: kijana anayecheza chuo kidogo hana chake tena NFL.

Hesabu ni sahihi, tafsiri ndiyo iliyopinda. Tazama majina mawili ya kwanza ya drafti hiyohiyo. Namba moja alikuwa Cam Ward, kotabeki, yaani yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi. Tennessee Titans walimchukua na orodha ikamwandika kuwa ni wa Chuo Kikuu cha Miami. Namba mbili, Travis Hunter, alikwenda Jacksonville Jaguars akiandikwa wa Colorado. Lakini Ward alianzia Incarnate Word, chuo cha Kikatoliki kilichoko San Antonio, Texas, na Hunter alianzia Jackson State, chuo cha kihistoria cha weusi kule Mississippi. Vyote viwili vinacheza FCS, ngazi ya chini ya vyuo vikubwa. Drafti humwandikia mchezaji chuo cha mwisho alichovaa jezi yake, basi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwa maoni yangu nafasi ya mchezaji wa chuo kidogo haijafungwa, imehama. Mchujo wa kweli haufanyiki tena Aprili mbele ya kamera. Unafanyika mwaka mmoja au miwili kabla, pale msimu wa vyuo unapoisha na dirisha la uhamisho kufunguliwa. Anayepita hapo ana nafasi nzuri pengine kuliko wote waliomtangulia. Anayebaki, hata akiwa na kipaji kilekile, anabeba mzigo ambao wenzake wa zamani hawakuubeba.

Kwanza tuelewane chuo kidogo ni kipi. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kina madaraja matatu. Daraja la Kwanza limegawanyika mara mbili: FBS, ambako ndiko kwenye viwanja vya watu laki moja na mikataba minono ya televisheni, na FCS, ambako mechi nyingi huchezwa mbele ya watu elfu chache. Kwa miaka mingi chuo cha FBS kiliruhusiwa kuwa na wachezaji 85 wanaosomeshwa kwa ajili ya mpira, cha FCS 63, na cha Daraja la Pili 36. Daraja la Tatu halina ufadhili wa michezo kabisa. Kijana anacheza na ada iko palepale. Watu wakisema vyuo vidogo huvitupa vyote hivi kwenye kapu moja, na hilo peke yake huharibu mjadala. Wakati wa drafti hiyo North Dakota State walikuwa FCS, lakini walikuwa wametwaa ubingwa wa ngazi hiyo mara 10 tangu msimu wa 2011, wakamtoa Carson Wentz aliyechaguliwa namba mbili mwaka 2016 na Trey Lance namba tatu mwaka 2021. Maskauti, wasaka vipaji wa timu za NFL, wanaijua njia ya kwenda Fargo, mji wa chuo hicho, vizuri mno. Huwezi kumweka kijana wa Fargo na kijana wa chuo cha Daraja la Tatu kwenye sentensi moja ukadhani umezungumzia tatizo moja. Na tukumbuke ukubwa wa mlima wenyewe: kwa makadirio ya NCAA, kati ya wachezaji wa vyuo waliofikia sifa za kuingia drafti, wanaochaguliwa ni kama asilimia 1.6, na humo wamo wale wa Alabama na Ohio State.

Kilio cha leo pia kinachanganya kushuka kwa aina tatu kulikotokea nyakati tofauti. La kwanza ni la zamani kabisa. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 vyuo vikubwa vya kusini mwa Marekani vilikuwa havichukui wachezaji weusi, kwa hiyo vipaji vya majimbo mazima vililundikana Grambling, Southern, Jackson State, South Carolina State na wenzao. Timu nyingi za NFL hazikujisumbua kwenda huko. Pittsburgh Steelers walimwajiri Bill Nunn, mwandishi wa gazeti la weusi la Pittsburgh Courier, mtu ambaye kila mwaka alikuwa akiandaa orodha ya wachezaji bora wa vyuo vya weusi na kila kocha huko alimfungulia mlango. Kisa chake kinachosimuliwa sana ni cha John Stallworth wa Alabama A&M. Maskauti wa timu mbalimbali walimpima mbio uwanja ukiwa umelowa, wakaona kijana ni mzito, wakaondoka. Nunn akajifanya mgonjwa, akabaki nyuma, akampima tena pakavu. Drafti ya 1974 ya Steelers ilitoa watu wanne waliokuja kuingia Ukumbi wa Magwiji, Stallworth akiwemo, na baada ya drafti wakamsajili Donnie Shell wa South Carolina State ambaye hakuna aliyemchagua. Naye leo yumo ukumbini humo. Nunn mwenyewe aliingizwa mwaka 2021. Milango ya vyuo vikubwa ilipofunguliwa kwa weusi, hazina ile ilianza kusambaa. Hiyo ni haki iliyochelewa, na mtu asiihesabu leo kama dalili kwamba vyuo vya weusi vimepoteza ujuzi wa kulea wachezaji.

La pili ni suala la hesabu tupu. Mwaka 1992 drafti ilikuwa na raundi 12 na wachezaji 336 walichaguliwa. Mwaka 1994 raundi zilibaki saba na waliochaguliwa wakawa 222. Nafasi zaidi ya mia zilifutwa ndani ya miaka miwili, na zilizofutwa ni zile za mkiani, ambako timu zilikuwa tayari kubahatisha jina kutoka chuo kisichojulikana. Vijana hao hawakutoweka. Walihamia kundi la wanaosajiliwa bila kuchaguliwa, mara nyingi saa chache tu baada ya jina la mwisho kusomwa. Malcolm Butler wa West Alabama, chuo cha Daraja la Pili, hakuchaguliwa mwaka 2014. Februari 2015 alinasa mpira uliowapa New England Patriots ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL. Tyson Bagent wa Shepherd, Daraja la Pili pia, hakuchaguliwa mwaka 2023, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameanza mechi kama kotabeki wa Chicago Bears na kushinda. Mshahara wa chini wa mchezaji mpya aliyeingia kikosi cha watu 53 mwaka 2025 ulikuwa dola 840,000, awe amechaguliwa au hakuchaguliwa. Anayepima uhai wa vyuo vidogo kwa orodha ya drafti peke yake ameacha nje nusu ya habari.

La tatu ndilo jipya, na ndilo lenye uzito. Zamani mchezaji wa futiboli aliyehama kutoka chuo kimoja cha FBS kwenda kingine alilazimika kukaa benchi msimu mzima. Akishuka kwenda ngazi ya chini, alicheza bila kusubiri. Sheria hiyo haikutungwa kuvisaidia vyuo vidogo lakini ilivisaidia kweli: mwenye kipaji aliyegombana na kocha, au aliyekosa namba, alishuka ngazi badala ya kupoteza mwaka. Randy Moss, baada ya kuondolewa Florida State, alikwenda Marshall mwaka 1996 wakati chuo hicho kikiwa bado kwenye ngazi ambayo leo inaitwa FCS, akacheza papo hapo, na miaka miwili baadaye akachaguliwa raundi ya kwanza. Aprili 2021 NCAA iliruhusu uhamisho wa kwanza bila adhabu, na mwaka 2024, baada ya kubanwa mahakamani, ikaondoa hata kikomo cha idadi ya uhamisho. Katikati ya hayo, Julai 2021, wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Kisha mwaka 2025 mahakama ikapitisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo, kwa kiwango cha juu cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mkondo uliokuwa ukishuka ukageuka kupanda. Kijana wa FCS akiwa na msimu mmoja mzuri, simu zinaanza kuita, na anayepiga ana hela.

Ward ndiye mfano uliokamilika. Sekondari yake ilicheza mfumo wa kukimbia na mpira kuliko kuurusha, kwa hiyo maskauti wa vyuo vikubwa hawakuwa na cha kumtazama, wakampita. Incarnate Word ikampa nafasi, akang'ara, akamfuata kocha wake Washington State, na Januari 2024 akatangaza kuingia drafti. Wachambuzi wengi wakati ule hawakumweka raundi ya kwanza. Akabadili nia, akaenda Miami, akacheza msimu mmoja, na mkataba wake wa kwanza NFL ukawa wa zaidi ya dola milioni 48. Jared Verse alitoka Albany, chuo cha FCS huko New York, akaenda Florida State, akachukuliwa namba 19 na Los Angeles Rams mwaka 2024, na msimu huohuo akatajwa mchezaji mpya bora wa ulinzi. Kobie Turner, mwenzake kwenye safu hiyohiyo ya Rams, alianzia Richmond kabla ya kupitia Wake Forest kwa mwaka mmoja. Orodha rasmi inawapa sifa Miami, Florida State na Wake Forest. Ni kama yule kiungo wa timu ya mkoani anayesajiliwa na Simba au Yanga, kisha akiitwa Taifa Stars magazeti yanaandika ni wa Kariakoo.

Nisivute kamba upande wangu kupita kiasi. Hunter hapaswi kuhesabiwa kama ushahidi kwamba vyuo vidogo vinagundua vipaji. Alipokuwa sekondari alikuwa miongoni mwa vijana waliosakwa kuliko wote nchini, na alikwenda Jackson State kwa sababu ya kocha Deion Sanders, akaondoka naye. Na zile nafasi 150 za SEC na Big Ten nazo zina chumvi ndani yake. Mwaka 2024 SEC ilimeza Texas na Oklahoma ikafikisha vyuo 16, Big Ten ikamega vyuo vinne vya pwani ya magharibi ikafikisha 18. Ukipanua zizi, lazima hesabu ya ng'ombe iongezeke. Kuna pia wanaokwenda kinyume na mkondo. Mwaka 2022, vyuo vya weusi vilipotoa wachezaji wanne na watu wakashangilia kurudi kwa heshima, mmoja wao, James Houston wa Jackson State, alikuwa ametoka Florida mwaka mmoja tu kabla. Yaani hesabu hii inadanganya pande zote mbili, na wanaoitumia kushangilia mwaka mzuri ni walewale wanaoitumia kuomboleza mwaka mbaya.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka kwa wale wanaosema tatizo halipo kabisa, kwa kuwa kipaji hakifichiki. Watakutajia Jerry Rice, Mississippi Valley State, namba 16 mwaka 1985. Watakutajia Cooper Kupp wa Eastern Washington, raundi ya tatu mwaka 2017, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa Super Bowl. Lakini orodha ya walioonekana haiwezi kukuambia chochote kuhusu wasioonekana. Adam Thielen wa Minnesota State hakuchaguliwa mwaka 2013. Alilipa mwenyewe ada ya kushiriki majaribio ya mkoa, akapata mwaliko wa kujaribiwa na Minnesota Vikings, timu ya jimbo alikozaliwa, akaanzia kikosi cha mazoezi. Baadaye akawa mmoja wa wapokeaji bora wa ligi. Tuulize kidogo: kama angezaliwa Oregon, au kama siku ile hakuwa na hela ya ada? Mfumo ambao mtu wa kiwango hicho anaponea tundu la sindano hauwezi kusifiwa kwamba unaona kila kitu. Mwenye kutaja Rice na Kupp anapaswa kutaja na idadi ya walioishia kufundisha mazoezi kwenye shule za sekondari, na hiyo hakuna anayeiweka.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema maskauti ni wavivu au wana dharau. Hilo lilikuwa kweli zama za Nunn. Siku hizi video ya kila mechi, hata ya Daraja la Pili, iko kwenye kompyuta ya kila timu. Kinachowasumbua ni mizani. Kijana amewaangusha wapinzani kumi kwa siku, sawa, lakini wapinzani hao ni akina nani? Mkimbizaji anayewaacha walinzi wa Daraja la Pili hatua tatu atawaacha wa NFL hatua ngapi? Skauti mwenye eneo la majimbo kadhaa ana vuli moja ya kuzunguka. Akienda chuo kikubwa anarudi na ripoti za watu kumi; akienda chuo kidogo anarudi na ya mmoja, tena yenye alama ya kuuliza. Ndiyo maana mechi dhidi ya wakubwa zilikuwa na thamani kubwa, na ndiyo maana wiki ya Senior Bowl kule Mobile, Alabama, ambako wa vyuo vidogo wanapambanishwa uso kwa uso na wa SEC mazoezini, imewaokoa wengi. Mfumo wa uhamisho umeliondoa tatizo hilo kwenye meza ya skauti bila yeye kutoa senti. Florida State wakamchukua kijana wa Albany, wakalipa, wakamjaribu misimu miwili, na NFL ikasubiri majibu.

Ubaya wake unaanzia hapohapo, na ndio sehemu ambayo sioni ikijadiliwa vya kutosha. Zamani kubaki chuo kidogo miaka minne hakukuwa na maana yoyote. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu. Sasa kubaki kunasomwa. Skauti anajiuliza: kama huyu ni mzuri hivi, mbona hakuna aliyemnunua? Huenda kijana alitaka kumaliza shahada yake alipoianzia, huenda mama yake anaumwa, huenda anamwamini kocha wake, na huenda alipigiwa simu akazikataa zote. Kwenye faili inaonekana kama dosari. Kipimo kilichobuniwa kumpa mchezaji uhuru kimegeuka mtihani ambao asiyeufanya anahesabiwa ameshindwa.

Wanaoumia zaidi na hilo ni wa mstari wa mbele, ile miamba inayomkinga kotabeki. Nafasi nyingine zinahitaji kasi, na kasi huonekana mapema. Mlinzi wa mbele anahitaji kilo, na kilo hazina haraka. Ali Marpet wa Hobart, chuo cha Daraja la Tatu, alichukuliwa raundi ya pili mwaka 2015, namba 61, juu kuliko mchezaji yeyote wa daraja hilo kabla yake, na akaja kubeba Super Bowl na Tampa Bay Buccaneers. Quinn Meinerz wa Wisconsin-Whitewater hakucheza msimu wake wa mwisho kabisa kwa sababu ya korona, akaenda kufanya mazoezi msituni Kanada, akang'ara Mobile, akachaguliwa raundi ya tatu mwaka 2021. Ben Bartch wa St. John's, Minnesota, alianza kama tight end, yaani mpokeaji anayesaidia pia kukinga, akiwa bado mwepesi. Kila asubuhi alikunywa mchanganyiko wa mayai saba, jibini laini, uji wa mahindi, siagi ya karanga, ndizi na kinywaji cha michezo, vyote vikisagwa pamoja, jambo ambalo naona linastahili mshahara wake peke yake. Jacksonville walimchukua raundi ya nne mwaka 2020. Watu hawa waliiva wakiwa na miaka 21 au 22. Dirisha la uhamisho linamtaka aliyeiva akiwa na 19.

Kwa hiyo makocha wa vyuo vidogo wanaowaambia vijana wao wabaki hawajitetei wenyewe tu. Wana hoja nzito. Mchezaji hukua kwa kucheza, na anayehama kwenda kukaa benchi la chuo kikubwa anapoteza dakika ambazo ndizo video yake. Wapo wanaoingia sokoni na kukosa chuo, huku nafasi yao ya ufadhili kule walikotoka ikiwa imeshapewa mtu mwingine. Grey Zabel alibaki North Dakota State, akatwaa ubingwa Januari 2025, akaenda Mobile akawashinda wenzake wa vyuo vikubwa, na Seattle Seahawks wakamchukua namba 18. Ni hoja ya kweli. Kasoro yake ni kwamba Zabel alikuwa Fargo, ambako mafanikio ya waliomtangulia yalikuwa yameshamtengenezea mizani. Ukimpa ushauri uleule kijana wa chuo ambacho hakijatoa mtu NFL kwa miaka 20, unamtuma mahali ambapo mizani haipo.

Haya hayako mbali na wasomaji wa Kiswahili kama yanavyoonekana. Familia za Kikongo, Kirundi, Kikenya na Kitanzania zilizoko Iowa, Texas, Ohio na Minnesota sasa zina watoto wanaovaa kofia ngumu siku ya Ijumaa usiku. Mama mmoja ninayemfahamu aliniuliza kama mwanawe akubali chuo cha Daraja la Pili kilichomtaka, au asubiri kikubwa. Nilimwambia, "Mama, kwanza uliza watamlipia kiasi gani cha ada, halafu uliza atacheza mwaka wa kwanza au wa tatu." Kuna pia mlango wa pembeni: Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts mwaka 2013, na NFL yenyewe ilifanya kambi Nairobi mwaka 2023. Lakini huo ni mlango wa wachache mno. Mtoto aliyekulia Des Moines, Iowa, njia yake inapita chuoni, na ushauri wa kwamba chuo kidogo ni kaburi la ndoto unaweza kumfanya akatae elimu ya bure kwa kusubiri simu isiyokuja.

Swali ambalo wenye mamlaka wanapaswa kulijibu ni la malipo ya malezi. Kwenye soka, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu ya mtaani hupata chochote kijana wake anapouzwa Ulaya. Kwenye vyuo vya Marekani hakuna kitu kama hicho, na Incarnate Word haikupata fungu lolote la ule mkataba wa milioni 48. Najua pingamizi lake: ada ya malezi inaweza kugeuka pingu mguuni mwa mchezaji, na historia ya NCAA ya kuwafunga vijana bila malipo haimpi mtu imani. Lakini ada hiyo inaweza kulipwa na chuo kinachopokea, kutoka kwenye hizohizo milioni 20.5, bila kumzuia kijana kuondoka. Bila kitu cha namna hiyo sioni bodi ya chuo kidogo ikikubali mwaka baada ya mwaka kugharimia viwanja, madaktari na makocha kwa faida ya jirani tajiri. Larry Allen, mmoja wa walinzi bora wa mstari wa mbele waliopata kutokea, alitoka Sonoma State, Daraja la Pili, mwaka 1994. Chuo hicho kilifuta futiboli kabla ya miaka ya 1990 kuisha, na mwaka 2025 kikatangaza kufuta michezo yake yote.

Kuna jambo jingine la kutazama kuanzia 2026. SEC imeamua kila timu yake icheze mechi tisa dhidi ya wenzake wa kundi badala ya nane, kama Big Ten wanavyofanya. Msimu una mechi 12. Mechi za nje ya kundi zinazopungua, za kwanza kutazamwa zitakuwa zile za kualika chuo cha FCS kwa malipo ya laki kadhaa za dola. Mwaka 2007 Appalachian State walialikwa hivyohivyo Michigan, wakashinda 34 kwa 32 mbele ya watu zaidi ya laki moja. Fedha za mwaliko zilisaidia bajeti ya chuo, na saa tatu zile zilikuwa mtihani wa mizani kwa kila kijana aliyetaka kuonekana bila kuhama. Timu za SEC zikianza kuifuta mialiko hiyo, mlinzi wa mbele wa chuo kidogo atakuwa na njia mbili tu za kupimwa: ahame akiwa bado hajaiva, au asubiri mwaliko wa Mobile kwenye mwaka wake wa mwisho.